Jirani wa Lori la Bi Zamda

Palikuwa na mudir mmoja, mkuu wa mji, Mwinyimvua, aliyetaka mali za watu kwa bei ya kuokota. Ukiwa na mbuzi mnono, alimwita mgonjwa. Ukiwa na shamba zuri, alisema mto utalichukua, heri umuuzie yeye mapema. Na kesi zote za mji ule alizihukumu mwenyewe, hata zile alizozizua. Watu walimwamkia kwa kuinama, akadhani ni heshima. Walikuwa wanaficha nyuso tu.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ya mudir aliishi Bi Zamda, dereva. Alikuwa ameendesha lori la idara ya barabara tangu usichana hadi mvi, na siku aliyostaafu yeye, lori nalo likastaafishwa. Idara ikalitupa mnadani. Akalinunua kwa bei ya chuma chakavu, akalifufua. Lilikuwa lori la bodi ya boksi, refu, mtu anasimama ndani bila kugonga kichwa, maana vibarua walikuwa wakilala humo kazi ikiwa mbali. Tangi la maji lilikuwamo, rafu zilikuwamo. Akaongeza dirisha, kitanda na jiko, ili mnunuzi aone kwa macho yake kwamba linaweza kumlaza na kumlisha popote atakapoegesha.

Hakuliuza kwa raha. Mumewe, Mzee Chande, macho yalikuwa yameingia utando, na alishaanza kusalimia nguzo. Daktari wa kuutoa alikuwa mbali, na hakuwa daktari wa bure. Lori lisipouzwa kwa bei yake, mzee atakuwa kipofu. Basi.

Mnunuzi akapatikana: Bwana Ngakonda, muuguzi mstaafu, aliyetaka kuizunguka nchi na mkewe bila kuwasumbua ndugu. Kabla hajauliza bei, Bi Zamda akamwambia ubovu wote. Breki ya mkono haishiki, kwa hiyo tembea na jiwe. Asubuhi ya baridi lazima uipampu dizeli kwa mkono. Paa linavuja kona ile, nimeliziba kwa lami, mvua kubwa sikuahidi. Ngakonda akasema hajawahi kuuziwa kitu na mtu anayekitukana hivyo. Akakubali bei pale pale.

Kumbe mudir yuko dirishani kwake, sikio nje. Naye alilitamani lori lile alale ndani akienda kuwinda swala. Wale wawili hawajamaliza kupeana mikono, askari wake akafika: biashara isimame, kuna kesi.

Mji ule ulikuwa na desturi, tena ya haki kabisa. Nyumba haiuzwi kwa mgeni kabla jirani hajaulizwa. Jirani akiitaka, hupewa kwa bei ile ile aliyoinunulia mwenye nyumba. Wazee waliiweka ili wanyonge wasifukuzwe mtaani na wenye fedha. Mudir akaitumia kama mwizi anavyotumia ngazi ya fundi.

Baraza likakaa kwa mudir, lori likiwa limeegeshwa pale pale ukutani. Mudir akakalia kiti cha hakimu, na mdai alikuwa yeye.

"Bi Zamda, kitu chenye kitanda, jiko na dirisha tunakiitaje?"

"Inategemea nani anakitaka, Mudir."

"Jibu swali."

"Mimi nakiita lori. Kina magurudumu sita."

"Hayo ni msingi wake. Baraza limeamua, hii ni nyumba. Mimi nimepakana nayo, na ninaichukua kwa bei uliyoinunulia wewe."

"Bei ya chuma chakavu."

"Si ndiyo uliyotoa? Au unaona haya kuitaja?"

"Haya ninayo, Mudir. Nilidhani tunayo sote."

Watu wakaanza kukohoa kikohozi kisicho na mafua. Mzee Chande akainua fimbo, mkewe akamkanyaga mguu atulie. Kisha Bi Zamda akalegeza sauti, akawa mpole kama bibi harusi.

"Nimekubali, Mudir, ni nyumba. Nina swali moja la kijinga. Juzi nilikuwa nimeiegesha kwa Mbega mchinjaji. Je, yeye naye si jirani?"

Mbega alikuwapo. Akasimama, akaweka kofia yake sawa, uso umenawiri. Mudir akaona tonge linamponyoka.

"Keti, Mbega. Jirani ni yule aliyepakana na nyumba siku inapouzwa. Wa juzi hana lake."

"Na hukumu hiyo haigeuki?"

"Hukumu yangu haijawahi kugeuka."

Bi Zamda akamshukuru, akatoka nje, akapanda lori, akaliwasha. Lori likakohoa, likamwagia baraza zima moshi. Ngakonda akalikimbilia, akadandia mlangoni. Wakakatiza sokoni, wakaipita nyumba ya mwisho ya mji, wakasimama kando ya makaburi, mahali ambapo huoni paa hata ukipanda juu ya kichuguu. Bi Zamda akashuka, akaweka jiwe chini ya gurudumu.

Mudir alipofika, pindo la kanzu mkononi, nusu ya mji nyuma yake, akamkuta mama yule anamkabidhi Ngakonda funguo.

"Zamda, wewe. Nyumba haihami."

"Kama nyumba haihami, basi hii si nyumba. Ni lori, na lori halina jirani. Namuuzia nimtakaye."

Mudir akahema. Akageuka akawatazama watu, nao wakamtazama yeye, na safari hii hakuna aliyeinama.

"Ni nyumba," akasema. "Nimeshahukumu. Na desturi ni desturi, huwezi kuuza kabla hujawauliza majirani."

"Nimewauliza," akasema Bi Zamda, akanyoosha mkono kwenye makaburi. "Wote. Hakuna anayeitaka. Lakini kama wewe bado unautaka ujirani, Mudir, pale karibu na gurudumu la nyuma pana nafasi. Jilaze, nami nitakuuzia wewe kwanza."