Alama Nyekundu ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini bali za juzijuzi tu, mihuri ikiwa imekwisha kuvumbuliwa, katika mji wa Kwachenga aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani, mwenye nyumba moja na ufagio mmoja. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe. Ufagio haukuwahi kupumzika.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta ukutani kwake alama ya X, nyekundu, kubwa kama mlango, na chini yake neno BOMOA. Mwingine angelia. Bi Sikudhani alichukua sabuni ya kipande, maji ya moto na dodoki, akausugua ukuta mpaka ukang'aa. Habari za kujenga bila kibali hakuzijua. Uchafu ukutani aliujua.

Jirani yake, Mzee Kaduma, alikuwa karani mstaafu. Kila asubuhi alikwenda kusoma ubao wa matangazo wa halmashauri kama wengine wanavyokwenda kunywa kahawa. Kanuni mpya za ujenzi alizisoma kurasa zote kumi na moja, hata ule wa mwisho uliofunikwa na tangazo la chanjo ya kuku. Ukurasa huo ulisema nyumba zilizowekwa alama zimesamehewa, mradi wenyewe waombe kibali ndani ya siku tisini. Wasioomba, tingatinga litawapitia. Mzee Kaduma alimweleza jirani yake yote hayo, tena kwa ufasaha. Ila alimweleza Jumatano, na siku ya tisini ilikuwa Ijumaa. Siku themanini na saba za mwanzo walikuwa hawasemezani, kwa sababu ya ugomvi wa jogoo.

Hata hivyo alimweleza, na nyumba ikasogea hatua moja mbali na tingatinga. Bi Sikudhani akatamka mbele ya majirani kwamba atakayeiokoa nyumba ile atapewa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, afanyie shughuli zake mwaka mzima bila kodi.

Alhamisi akamwita Fundi Nyembo, aliyeijenga nyumba, aje kupima. Fundi akapima, akakohoa, akapima tena. Baraza lilikuwa limeingia barabarani hatua mbili, na nyumba iliyoingia barabarani haipewi kibali. Bi Sikudhani akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemshawishi marehemu alisogeze mbele lipate upepo. Fundi hakubisha. Baraza lile lilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Wateja walikuwa wakiletwa kulitazama kabla ya kumpa kazi. Akashika nyundo mwenyewe, hakutaka kibarua aliguse, na adhuhuri ikalikuta kifusi. Nyumba ikasogea hatua ya pili.

Ijumaa saa tano Bi Sikudhani alikuwa dirishani kwa afisa ardhi na fomu, ramani, na picha ya nyumba. Afisa akaitazama picha kwa huzuni.

"Mama, hii haina alama."

"Niliifuta, mwanangu. Ilikuwa inachafua ukuta."

"Msamaha ni wa nyumba zenye alama. Isiyo na alama haina kosa, na isiyo na kosa siwezi kuisamehe."

"Basi kama haina kosa, msiibomoe."

"Kwenye orodha ya kubomolewa imo," alisema afisa kwa upole, akamwonyesha. Namba kumi na saba.

Bi Sikudhani akauliza kama anaweza kwenda kuichora alama mwenyewe. Afisa akamweleza kuwa kuchora X bila idhini nako ni kosa, na hilo halijatolewa msamaha.

Nje, ngazini, Shebe alikuwa anakula muhogo. Huyu ndiye kibarua aliyepaka X zote za mji. Alimtambua Bi Sikudhani, na akakiri kwamba aliiona kazi yake imefutwa, ikamuuma kidogo, lakini hakuripoti. Sasa, kibarua asiyeripoti alama iliyofutwa huachishwa kazi, na Shebe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akafuta mikono, akaingia ndani, akaandika maelezo na kutia sahihi kwamba alama ilikuwepo na aliipaka yeye. Afisa akampa idhini ya kuipaka upya, kisha akamwagiza akimaliza arudishe brashi na asirudi kesho. Picha mpya ilifika dirishani saa tisa kasoro dakika tano, na dirisha hufungwa saa tisa.

Kibali kikatoka. Tena kanuni mpya ziliruhusu nyumba za barabara ile kuwa na chumba kimoja cha biashara, na kwenye fomu yake palikuwa na mstari mmoja: Jina la Mtumiaji.

Wote watatu walioiokoa nyumba wakafuatana naye hadi dirishani, kila mmoja akikidai chumba cha mbele.

"Bila macho yangu," alisema Mzee Kaduma, "mngelisikia tingatinga mkadhani ni gari la maji. Nitafungua mahali pa kuwajazia watu fomu. Mji unahitaji."

"Macho yako yaliona siku ya kwanza, yakanyamaza kwa ajili ya jogoo," alisema Fundi Nyembo. "Mimi nimevunja jina langu kwa nyundo yangu. Sasa sina cha kuwaonyesha wateja ila chumba hicho."

"Umevunja ulichojenga barabarani, mwanangu. Huko ni kusafisha ulipomwaga," alijibu Mzee Kaduma.

Shebe alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hana kazi tena, na angependa kuandika vibao vya maduka.

"Lakini X ni yako!" wakamgeukia wote wawili.

"Ya kwanza nilitumwa," alisema Shebe. "Ya pili nilijitolea."

Bi Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Kila mkono ulioitoa nyumba yake shimoni ulikuwa umesaidia kuisukuma humo. Afisa akamsogezea kalamu.

"Jina moja tu, mama. Na uandike kwa uhakika, maana fomu iliyofutwa haipokelewi."

Bi Sikudhani, aliyezoea kufuta, akashika kalamu, na watu kwenye foleni nyuma yake wakanyoosha shingo. Haya, nanyi mnaosikiliza nyoosheni zenu: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?