Pete Ndani ya Beseni

Mbuzi wa Bi Mishi alitafuna kanzu ya Bwana Zuheri ikiwa bado kambani, na tajiri huyo akaja mwenyewe kumchukua mbuzi. Bi Mishi hakubisha, ingawa wajukuu zake walimtegemea mbuzi huyo kwa maziwa. Alimkaribisha Bwana Zuheri mkekani, akavua pete yake ya dhahabu, akaitia ndani ya beseni tupu mbele ya mgeni.

"Bwana, unaiona?"

"Ukingo umeificha. Siioni."

"Basi tuwekeane sharti. Ukae hapo hapo, na mtu asiiguse pete wala beseni. Ukiiona kabla hujala, mbuzi anabaki. Usipoiona, ondoka na mbuzi na pete."

Bwana Zuheri alikubali upesi, akakaa kama gogo.

Chakula kikaletwa. Bi Mishi akachukua birika, akamnawisha mgeni wake juu ya beseni lile, polepole, mpaka birika likabaki tupu.

"Maji yote haya?"

"Mtu mkubwa hanawishwi kwa matone, Bwana."

Alipomaliza kujifuta mikono, maji yalikuwa yametulia. Bi Mishi akanyoosha mkono kama anayetaka kwenda kuyamwaga.

"Taratibu, mama," akasema Bwana Zuheri. "Pete yangu ile pale, utaitupa na maji."

Bi Mishi akaurudisha mkono. "Wapi?"

"Si hiyo, inang'aa..." Akalitazama birika tupu.

"Haijasogea hata kidogo. Mwanga ukitoka majini hupinda, ndio umekufikia machoni. Karibu chakula, Bwana. Mbuzi wangu yuko malishoni tangu ulipoanza kunawa."