Kiboko na Kitufe cha Panga Upya

Hapo zamani za kale, sikilizeni, kompyuta zilikuwa za wanyama kabla hazijawafikia watu.

Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki kwenye tangi moja tu, lililojazwa kidogo kila siku, na koki yake iliendeshwa na programu aliyoiandika Kiboko: kwanza anywe Kiboko mpaka atosheke, kisha wanywe wadogo. Kiboko alipotosheka, wadogo walilamba tope.

Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalianza kumkaukia. Akaenda kwa Kiboko, tipu tipu tipu.

"Hodi, mzee."

"Karibu. Kama ni maji, hakuna."

"Nimekuja kukusalimu tu." Akachungulia skrini. "Mbona maagizo yako yamesongamana hivi, mzee? Ya Tembo yamenyooka kama matuta ya viazi."

Kiboko akavimba. "Tembo anapanga kwa mkono. Mimi nina kitufe, kinaitwa Panga Upya. Nabonyeza, kazi inajipanga yenyewe."

"Kisha unaisoma?"

"Niisome ya nini? Kusoma ni kwa wasio na kitufe."

Digidigi akauma ulimi asicheke. Kitufe kile alikijua, maana hata kompyuta yake ilikuwa nacho. Jana tu kilipanga programu ya mashine yake ya uji, kikapindua maagizo: mashine ikamimina uji, bwaa, ndipo ikaweka bakuli. Na bado skrini iliandika: "Tayari. Hakuna kilichobadilika."

"Basi nionyeshe, mzee, nikawasimulie wenzangu."

Kiboko akabonyeza, ta. Skrini ikaandika: "Tayari. Hakuna kilichobadilika."

"Umeona?"

"Nimeona, mzee." Na kweli alikuwa ameona.

Jioni koki ikawafungukia wadogo kwanza. Chururu, chururu. Pimbi akanywa, Kanga akanywa, Digidigi akanywa mpaka tumbo likalia pwata pwata. Kiboko alipofika, tangi lilikuwa tupu.

"Nani kagusa programu yangu?" akanguruma.

"Ni wewe tu, mzee."

Digidigi akawaza haraka. Kiboko akibonyeza tena, maagizo yatapinduka na kurudi yalivyokuwa, na kesho mtoto atalala njaa. Akasema taratibu, wote wasikie:

"Labda kitufe chako kibovu, mzee. Tembo alisema. Kama nawe unakishuku, bonyeza tena, sisi tutazame."

Kiboko akamtazama Pimbi, akamtazama Kanga.

"Mimi nikishuku kitufe changu mbele ya kuku wa porini? Sibonyezi. Na sisomi."

Akainama, akalamba tope lake kwa heshima zote. Digidigi akaenda zake kunyonyesha.

Anayeiachia mashine kazi asiikague, hunywa mabaki.