Picha ya Nyumba ya Kale

Bwana Jaffari alinunua nyumba ya kale Pangani aigeuze mkahawa. Akamwambia Bi Mwanakheri, muuza vitumbua wa barazani, "Hama. Wageni wangu hawataki moshi."

"Nitahama, mwanangu. Kibali umepata?"

"Bado. Mkaguzi wa majengo ya kale anataka picha ya zamani, na kila kinachoonekana pichani kiwepo."

Bi Mwanakheri akampa kitumbua cha moto, kisha picha ya zamani ya nyumba hiyo, picha aliyoachiwa na bibi yake. Jaffari alitazama mlango wa nakshi tu pichani, akaipeleka mbio kwa mkaguzi.

Siku ya ufunguzi mkaguzi alikuja na picha mkononi. "Mlango upo. Madirisha yapo. Barazani mbona hayupo mama wa vitumbua kama huyu wa pichani?"

Jaffari alimkuta Bi Mwanakheri ng'ambo ya njia.

"Shikamoo, bibi. Rudi, tafadhali."

"Marahaba, mwanangu. Nibebee jiko, ila angalia moshi."