Fisi, Jaji wa Hatua

Mwaka ule mvua iliisahau Mbuga ya Mbigiri kabisa. Mito ilikauka, madimbwi yakakauka, hata aliyetaka kulia ilimbidi afikirie mara mbili, asije akapoteza maji bure. Chemchemi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya Mfalme Simba, na hapo hakunywa mtu ila Simba mwenyewe, jamaa zake na Mtangulizi wake.

Mtangulizi alikuwa punda milia aliyetembea mbele ya mfalme kwenye misafara, akipiga hatua za madaha ili kila mtu ajue ni nani anayekuja nyuma. Mtangulizi huteuliwa angali mtoto, maziwa hayajamkauka mdomoni, kwa sababu hatua njema hufunzwa mapema. Akishateuliwa, yeye na mama yake huhamia chemchemini. Sasa Mtangulizi wa zamani alikuwa amezeeka, magoti yakilia kama mlango mbovu, na watoto waliobaki na nguvu za kusimama walikuwa wawili tu: Tipwa na Njiti.

Jaji wa hatua siku zote alikuwa Twiga, lakini Twiga alikuwa amehama kutafuta majani. Basi Fisi akajipeleka mbele ya mfalme, amejipaka mafuta mpaka masikioni.

"Mfalme wangu, nani anawajua punda milia kunishinda mimi? Maisha yangu yote nimewatazama wakitembea. Hakuna anayeyatazama mapaja yao kwa makini kama mimi."

"Hilo nalisadiki," alisema Simba.

"Tena nina rai. Atakayeshindwa asirudi nyumbani mikono mitupu. Nipewe mimi nimfunze. Tutakiita Chuo cha Hatua cha Mfalme Simba."

Simba aliposikia jina lake limebandikwa kwenye chuo, manyoya ya shingo yalimsimama kwa raha. Hakuuliza chuo kiko wapi, wala kinafunza nini. "Na iwe hivyo," akasema.

Fisi alitoka pale akicheka peke yake njia nzima. Chuo kilikuwa tumboni mwake, na mwanafunzi wa kwanza alikwisha kumchagua. Njiti alikuwa mifupa na kwato. Huyo hata mchuzi hatoi. Lakini Tipwa! Tipwa alikuwa mviringo, anang'aa, nyama imejaa mpaka mkiani. Njaa ilimkuta bado ananyonya, na mama yake alikubali kukonda yeye mpaka mbavu zikahesabika, ili mwanawe asipungukiwe. Basi Njiti ashinde, Tipwa ashindwe, na chuo kifunguliwe jioni hiyohiyo. Kila Fisi alipoifikiria jioni hiyo, udenda ulimtoka akaumeza, ukamtoka tena.

Tatizo lilikuwa moja. Tipwa alijua kutembea. Hata Fisi, ambaye macho yake hayakuwahi kupanda juu ya paja la mtu, aliliona hilo. Akakuna kichwa, akazunguka kichaka mara tatu, na mara ya nne akakutana na upupu umejining'iniza juu ya mti, maganda yake yana manyoya ya dhahabu. Upupu haumjui mkubwa wala mdogo. Ukikugusa, utajikuna mpaka usahau jina lako. Fisi akayachuma maganda kwa jani pana, akayafunga, akaondoka anaimba.

Siku ya mashindano alifika mapema kuliko wote. "Nimekuja kukagua kwato," alimwambia Mama Njiti, naye akamshukuru, maana hakuwahi kuona jaji mwenye bidii namna ile. Fisi akainama, akampapasa Njiti nyuma ya magoti ya mbele kwa ganda moja, hivi na hivi, kisha akageuka. Lo! Sungura huyo anakuja na ufagio wake! Fisi akakitupa kifurushi cha upupu juu ya kigoda cha jaji, akakikalia haraka, akatabasamu.

"Umeamka salama, Bwana Jaji?" aliuliza Sungura.

"Salama tu. Fagia, fagia, usinitimulie vumbi."

Kazi ya Sungura ilikuwa kuufagia mchanga wa uwanja kila mara kabla ya mshindani kupita. Wengi walidhani ni usafi tu. Sungura hakuwahi kuwasahihisha.

Simba akaja, akakaa juu ya jiwe lake. Wanyama wakajaa. Tipwa akaitwa kwanza, mama yake akimsindikiza kwa macho mpaka katikati ya uwanja. Akaanza na telki, ule mwendo wa haraka wa kutembea, shingo imelegea, masikio yanacheza, anakwenda kama anayejua njia. Akaingia matiti, ule mwendo wa mchakamchaka, miguu ikipokezana bila kugombana. Akamaliza kwa shoti, mbio zenyewe, na alipofika mwisho alisimama bila kuhema.

"Mzito!" alisema Fisi kabla vumbi halijatulia. "Hana mguu. Anatembea kama anayekwenda sokoni kununua chumvi!"

"Kweli, sikusisimka," alisema Simba, akapiga mwayo.

Sungura aliuinamia mchanga muda mrefu, kisha akaacha nusu ya uwanja bila kuifagia, akafagia nusu ya pili.

Njiti akaingia nusu hiyo. Jua lilikuwa limepanda, jasho lilikuwa limeanza, na upupu nao ulikuwa umeamka. Hatua ya kwanza goti likafika kifuani. Ya pili likafika kidevuni. Ya tatu kwato ilipita juu ya sikio! Njiti alirusha mguu wa kulia, akarusha wa kushoto, akarusha yote miwili, akazunguka, akapiga chafya, akaruka tena. Vigelegele vikapasuka. Nyani walitupiana watoto. Kobe alisimama kwa miguu ya nyuma, kitu ambacho ukoo wake haukuwahi kukifanya, akaanguka chali, akaendelea kushangilia hivyohivyo.

Simba alisimama juu ya jiwe. "Huo ndio mwendo wa kifalme!" alinguruma. "Mwenye hatua kama hizo ndiye atakayenitangulia. Nimesema, na neno langu halirudi nyuma!"

Fisi akarukaruka kwenye kigoda kwa furaha, paa, paa, paa, na kila alivyotua, kifurushi kilizidi kupasuka chini yake. "Hukumu imetoka! Mama Tipwa, niletee mwanafunzi wangu. Masomo yanaanza leo, kabla ya giza."

Mama Tipwa alimkumbatia mwanawe shingoni, akalia. "Bwana Jaji, nakusihi. Niache nirudi naye nyumbani. Tutakufa kwa kiu, lakini tutakufa pamoja."

"Elimu haisubiri, mama."

Hapo Sungura akapiga magoti mbele ya mfalme. "Niwie radhi, mfalme wangu. Naomba utazame mchanga. Pale alipopita Tipwa, kwato ya nyuma imekanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele, kila hatua, vidole viwili zaidi. Huyo anasukumwa na nguvu za nyuma. Akikua, atakwenda safari nzima bila kuchoka. Njiti naye, mguu wa mbele umeruka, wa nyuma umebaki unalia. Nyayo zake zimetawanyika kama kunde zilizomwagika. Mtoto wa watu hatembei, anateseka."

Simba alitazama mchanga, akaona. Lakini Simba ni Simba. "Nimekwisha kusema," alijibu, akigeuza uso. "Mwenye hatua kama zile. Mfalme hakosei."

"Hakosei," aliitikia Sungura haraka. "Basi nina ombi dogo tu. Mwalimu wa chuo chenye jina lako tukufu si vema atuonyeshe hatua hizo mwenyewe? Waliotangulia walisema, aisifuye mvua imemnyea."

"Upuuzi!" alisema Fisi. "Mimi ni jaji, mimi si... mimi si..."

Kitu kilikuwa kimemtekenya makalioni. Akajisogeza kushoto. Kikamfuata. Akajisogeza kulia, kikamtangulia. Akayakaza meno, akayakodoa macho, akaimba kidogo ili ajisahaulishe. Wapi! Upupu ulimpanda mgongoni, ukashuka mapajani, ukaingia mahali pasipotajwa mbele ya wakwe.

Fisi akaruka juu kuliko kichaka. Alipotua, alikwenda telki. Telki haikutosha, akaenda matiti. Matiti hayakutosha, akapiga shoti uwanja mzima, magoti yakimgonga kidevu, makalio akiyaburuza mchangani, kisha akaruka tena. Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Tipwa, aliyekuwa analia sasa hivi, alicheka mpaka machozi yakabadilika maana.

"Mfalme wangu," alisema Sungura, "kuna mwenye hatua zaidi ya hizo?"

Simba alimtazama Fisi. Akatazama umati. Akakumbuka neno lake. "Hakuna," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyejifungia mlango mwenyewe. "Fisi ndiye Mtangulizi wangu."

"Na hawa watoto wawili, kwa kuwa wote wameshindwa?"

"Waende chuoni. Agizo liko palepale."

"Chuo hakina mwalimu tena, na jina ni lako. Kisije kikafa kiu. Kiweke kando ya chemchemi, na Mama Tipwa afundishe, maana mwanawe ametembea hivyo kwa malezi yake."

Simba alikubali upesi, afadhali mambo yaishe. Njiti akapelekwa kupakwa tope na majivu mpaka akatulia, kisha akanywa maji mpaka tumbo likalia. Mama Tipwa alikunywa wa mwisho. Akainua kichwa, akamtazama mwanawe anavyokanyaga kando ya maji, kwato ya nyuma ikiipita ya mbele, akashukuru kimoyomoyo.

Fisi hakuwa na la kufanya. Kila siku alimtangulia Simba, kifua mbele, makalio akiyaburuza kwa sababu yalikuwa bado yanamwasha. Mpaka leo mtazame anavyotembea: mbele amejiinua, nyuma anajikokota.

Jioni ya kwanza, msafara ulipokwisha, Fisi alikaa karibu na karamu ya mfalme, akanusa nyama choma, akafungua kinywa. Sungura akamwekea mbele mzigo wa nyasi kavu.

"Nini hiki?"

"Chakula chako, Mtangulizi. Hapa tangu enzi na enzi Watangulizi ni punda milia, na mila ndiyo hiyo: Mtangulizi hali nyama. Tafuna taratibu, kuna mbigiri ndani."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.