Mlango wa Shaba Chini ya Udongo

Sogeeni, wenye masikio! Mmesogea? Basi visima vilikauka, na Bi Mashavu, mfinyanzi, akichimba udongo akafukua mlango wa shaba, mkongwe kuliko mji wenyewe. Ndani maji yalisikika yakivuma. Jumbe wa mji akaupiga nyundo, kimya. Zimwi la mlimani likausukuma kwa bega, kimya.

"Hebu nipisheni," akasema Bi Mashavu. "Hii ni nyumba ya watu."

Akavua viatu. "Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Na hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni hurudi. Basi akageuka na kiu yake aende zake.

Nyuma yake magurudumu yenye meno yakaanza kuzunguka yenyewe, mlango ukafunguka, maji yakamlowesha visigino. Sauti ikasema, "Mafundi walioniunda waliniagiza nimfungulie anayejua kuondoka. Karibu, mama."