Kiti cha Mzee Mrindoko

Sogeeni, na aliyeshika rimoti azime kidogo. Hadithi yangu ina televisheni ndani yake, lakini haipendi kushindana nayo. Na msisinzie, maana mwishoni nitataka jibu, na sitachagua wa kumwuliza.

Mjini Same aliishi mama mmoja, jina lake Nakijwa. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, na kila mmoja na kipaji chake. Eliamini, kifungua mimba, alikuwa fundi seremala asiyejua kuharibu ubao. Namsifu, wa pili, alikuwa na macho: aliona vitu ambavyo wenzake walivipita kila siku. Togolani, kitinda mimba, alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa umemwingiza matatani mara nyingi kuliko ulivyomtoa.

Baba yao, Mzee Mrindoko, alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Alichezesha mechi wilaya nzima, akatukanwa na mashabiki wa kila timu, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba amechezesha kwa haki. Kisha akapata kiharusi. Upande wake wa kushoto ukalegea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Siku alipotoka hospitali, sebule ikiwa imejaa watu waliokuja kumpa pole, kiti hicho kilikwama kati ya kabati la vyombo na kochi. Ikabidi wanaume wamnyanyue juu juu kama gunia la mahindi, wageni wakitazama. Aliingia chumbani, akasema hatoki tena.

Nakijwa akawa anakula naye pembeni ya kitanda, kimya kimya. Sebuleni alikuwa na makochi mazuri, yenye vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, ila hakuwa na mtu wa kukaa naye. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe atoke, akae na watu, agombane nao kidogo kama zamani. Aliogopa kwamba mzee atakizoea chumba, na akishakizoea ndiyo basi. Akawaita wanawe, akawaambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Eliamini. Aliitazama njia, akalitazama kabati. Kabati lile alilitengeneza mwenyewe, lilikuwa kazi yake ya kwanza, na mama hakuwahi kumpitisha mgeni bila kumwonyesha.

"Mama, toa vyombo."

"Unalihamishia wapi?"

"Halina pa kwenda. Nalikata."

Akalikata katikati. Nusu moja akaifanya rafu ya ukutani, nusu nyingine akaipeleka jikoni. Kisha akafagia unga wa mbao. Njia ikawa pana, magurudumu yakapita bila kugusa kitu, na mzee akakubali kutolewa. Wakamweka mahali pake pa siku zote, akiuelekea mlango ili awaone wanaoingia, televisheni ikiwa kushoto kwake.

"Haya, mechi iko wapi?" akauliza.

"Hiyo hapo, baba."

Mzee alitazama mbele, akatazama kulia, akakasirika. "Mmenitoa kitandani nije nitazame ukuta?" Akarudishwa chumbani, na wote wakasema mzee amekuwa mkaidi.

Wote isipokuwa Namsifu. Yeye alikuwa anafikiria makande. Kila siku sahani ya baba ilirudi jikoni ikiwa na nusu ya chakula, na nusu hiyo ilikuwa ya kushoto daima, imekatika kana kwamba mtu amepiga mstari. Mama alidhani ni kukosa hamu. Jioni ile Namsifu hakuiondoa sahani. Aliizungusha tu, na baba akala akamaliza.

"Mama, baba hashibi mapema," akasema. "Vitu vya kushoto havioni kabisa."

Kesho yake akaipindua sebule nzima. Televisheni akaileta upande wa kulia, makochi yakaifuata, na matokeo yake anayeingia mlangoni akawa anapokewa na migongo ya makochi. Shangazi yao alipokuja alisimama kizingitini akashika kiuno. "Nyumba gani hii inampa mgeni mgongo?" Hakuishia hapo, akalitangaza mtaa mzima, watu wakamcheka Namsifu sokoni. Namsifu akavumilia, na hakurudisha kochi hata moja.

Basi njia ipo, picha ipo, na mzee hataki. "Mimi si kombe la kutembezwa uwanjani," alisema akageukia ukuta. Sebule ikakaa imepangwa vizuri bila mwenyewe, na Nakijwa akaanza kukata tamaa.

Ndipo Togolani akafanya lake. Yeye alikuwa kocha wa timu ya vijana, mtu anayeulizwa sheria za mpira na mji mzima. Akawaalika rafiki zake waje kutazama mechi ya jioni, akaongeza sauti. Mpira ukatoka, ukarushwa kwa mikono, mshambuliaji akaupokea akiwa peke yake, akafunga. Togolani akaruka juu.

"Kuotea hiyo! Refa huyu haoni!"

"Kocha, ule si mpira wa kurusha?" rafiki yake akamwuliza kwa upole.

"Hata kama. Kuotea ni kuotea. Baba angekuwa uwanjani angelikataa bao hilo."

Chumbani kitanda kikalia, mzee anajivuta kwenye kiti chake. Kisha magurudumu yakasikika, yakisukumwa kwa mkono mmoja na mguu mmoja, na mzee akatokea mwenyewe, amekunja uso.

"Mimi nikatae bao hilo? Mpira wa kurusha hauna kuotea. Nani alikufundisha ujinga huu?"

"Wewe, baba."

"Mwongo. Nipishe nione marudio."

Akaona marudio, akaona mechi hadi mwisho, kisha akaitazama taarifa ya habari na kumpinga msomaji. Nakijwa alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, analia waziwazi kwa furaha. Togolani, yeye, hakupona: vijana wake mpaka leo wanamwita Kocha Kuotea.

Sasa sikilizeni, shida inaanza hapa. Mzee alikuwa na kiti chake cha mninga chenye mikono, kilichosogezwa barazani kupisha magurudumu. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekikalia, na neno la mwisho la familia lilitoka kwa aliyekaa pale. Asubuhi, wakinywa chai, mzee akasema:

"Mimi nina kiti kingine sasa. Kile apewe aliyenitoa chumbani. Ni mmoja, hakikaliwi na watatu."

"Bila njia ungepita wapi, baba?" akasema Eliamini.

"Angepita akatazame ukuta," akasema Namsifu.

"Njia ilikuwepo na picha ilikuwepo," akasema Togolani, "na yeye alikuwa amelala."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mechi ya wanangu siwezi kuchezesha. Mama Elia, puliza wewe."

Nakijwa akawatazama. Eliamini ni mkubwa, na kila mtu alidhani kiti ni chake hata kabla ya kabati kukatwa. Namsifu hakuwahi kuombwa ushauri katika nyumba ile mpaka alipoizungusha sahani. Togolani alikuwa amekubali kuitwa mjinga mbele ya watu wanaomheshimu. Jina atakalolitaja litamfurahisha mmoja, na wawili hawatalisahau. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mwepesi, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na watu wanaogombania kitu tena.

Msiniambie apewe mama. Alishaambiwa, akajibu kwamba amechoka kukaa pembeni, anataka kukaa kwenye kochi na mumewe. Wala msiniambie wakikalie kwa zamu. Mzee amekataa, na refa akishakataa mnajua.

Mama amefungua mdomo, wanawe wanamtazama, chai inapoa. Je, wewe ungeamua vipi?